Ndugu yangu wa Kigoma, usichomelee nondo

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako wa Kigoma kuhusu maguta ya injini, yale ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Anasema shokapu za mbele na vyuma vinavyozishika ni vyembamba mno, vinapinda kama mabua, na anamshauri kila mwenye guta achomelee nondo kabla hajaliingiza barabarani. Nilipomaliza kusoma nilitoka uani nikaliangalia guta langu la kwanza, ambalo limeegemea mwembe tangu mwisho wa mwezi wa tatu. Nondo zipo bado. Zimenyooka, hazina hata mkwaruzo. Kilichokatika ni shingo ya chesisi, pale fremu inaposhika usukani, na mtulinga wa kijana wangu dereva.

Kwa hiyo naomba nafasi, na naomba barua isikatwe katikati, maana ina hesabu ndani yake.

Mimi si fundi. Ni mfanyabiashara wa asali hapa Tabora, naishi Isevya, na nina maguta mawili. Moja limeandikwa Pole Pole, jingine Mchumia Juani. Siku nyingi madereva wanabeba mizigo ya watu, saruji, matofali, mpunga, jioni wananiletea hesabu. Mzigo wangu ukifika stendi wanaacha yote wananibebea mimi. Zamani nilikuwa mtunza stoo, na ule ugonjwa wa kuandika kila kinachoingia na kutoka haujanitoka mpaka leo. Nina kauntabuku ya maguta. Kila spea iko mle, na tarehe yake, na bei, na jina la aliyeifunga.

Mwaka wa kwanza wa Pole Pole, ukurasa wa mbele ya guta ulikuwa hivi: oilisili za shokapu, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje, mara tano, bomba la shokapu lililopinda mara mbili, beringi za usukani mara mbili. Nyuma, kwenye zile springi za bamba kama za lori, sikuandika kitu. Hata boliti. Mtu yeyote akiona kurasa hizo mbili atasema nilichosema mimi, na ndicho anachosema ndugu yangu wa Kigoma: waliotengeneza chombo hiki walimaliza chuma chote nyuma, mbele wakaweka kilichobaki.

Fundi niliyekuwa nampelekea, kijana mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, alicheka. "Mama, hizi ni za mayai hizi. Tuzitie nondo." Akakata vipande viwili vya milimita 16, akavikunja kufuata mguu, akachomelea kutoka karibu na ekseli ya mbele mpaka kwenye bamba lililo chini ya usukani, kushoto na kulia. Alipomaliza alisimama juu ya tairi la mbele akarukaruka. Guta halikutikisika. Shokapu haikubonyea hata kidogo, na hilo yeye aliliita uimara. Nikamlipa, nikamwongezea na soda.

Kwa miezi mitano ule ukurasa wa mbele ukabaki mweupe. Nilijisifu kijiweni. Wenye maguta wengine wawili walinisikia wakaenda kwa fundi yuleyule, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hasara yangu. Wote wawili nimewafuata nyumbani kwao kuwaomba wazikate. Mmoja amekata. Mwingine anasema nina wivu.

Katika miezi ile mitano dereva wangu alinilalamikia mara mbili au tatu. "Mama, siku hizi nikifika jioni mikono imekufa ganzi." Nikamjibu kwamba vijana wa sasa hamjui kazi. Naliandika hapa kwa sababu nililisema mbele ya watu.

Siku ya ajali ilikuwa ya mvua. Asali ilikuwa imeshuka stendi ikitokea Sikonge, ndoo 24 za lita 20. Dereva akazipanga zote, akazisukuma mbele karibu na mgongo wake ili guta lisiinue pua, akaja taratibu. Njia yetu ina kalavati ambalo ukingo wake umeliwa na maji. Si shimo la kutisha, ni ngazi tu, kina chake kama kiganja changu. Tairi likagonga ile ngazi. Anasema alisikia mlio kama wa kuni kavu. Shingo ikaachana na chesisi, na tairi, shokapu, nondo na usukani vikarudi nyuma vyote kwa pamoja, kama droo inavyorudi kabatini. Yeye akaruka juu akatua kwa bega. Ndoo tisa zilipasuka. Nyuki walifika kabla ya trafiki, na watoto wa mtaa walifika kabla ya nyuki, wengine wameshika chapati.

Dereva alipokwisha kufungwa bega hospitalini, nilimwita mzee mmoja aliyestaafu kazi za karakana. Ni mtu wa maneno machache. Hakuuliza mwendo ulikuwa kasi gani, hakuuliza nani alichomelea. Aliomba mafuta ya taa na kitambaa. Akaosha ile sehemu iliyokatika, akaikausha, akanivuta jua lilipo.

"Unaona rangi ngapi?"

Niliona mbili. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, ilikuwa ya kahawia na laini, na ndani yake kulikuwa na mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama zile alama maji yanazoacha ukingoni mwa bwawa la Igombe yakipungua kiangazi. Theluthi iliyobaki ilikuwa nyeupe, inang'aa, ina chengachenga kama sukari.

"Hii nyeupe ndiyo imekatika siku ya ajali," akasema. "Hii ya kahawia imekuwa ikikatika tangu mlipotia nondo. Kutu haiji kwa dakika moja, mama."

Ufa ulianzia ukingoni mwa weldi inayoishika shingo, ukawa unatembea kila guta lilipopiga shimo. Kila mstari ni mahali uliposimama ukapumzika. Mimi nilikuwa najisifu kijiweni, nao unatembea.

Akanieleza, na nitajaribu kueleza kama alivyosema. Mguu wa mbele wa guta ni mrefu, na shingo iko juu kabisa. Tairi likigonga kitu, mguu mzima unakuwa mtaimbo, na shingo ndiyo inayobanduliwa. Shokapu ikiwa nzima inabonyea, springi inakula sehemu ya pigo na mafuta ya ndani yanakula nyingine. Kinachofika shingoni ni kidogo. Pigo likizidi, bomba la shokapu linapinda. Hapo unaona, usukani unavuta upande, unanung'unika, unanunua bomba jingine. Nondo haikuondoa pigo. Iliondoa mahali pa pigo kuishia, na pigo likapanda juu, mahali ambapo hapapindi. Panapasuka. Kile kilichofanya mikono ya dereva ife ganzi ndicho kilichokuwa kinakata chuma.

Kisha akaiona kauntabuku yangu, akaisoma ukurasa kwa ukurasa kama anasoma barua ya posa. Akasimama kwenye oilisili tano. Akaniomba bomba la zamani; sijawahi kutupa kitu, nikampa. Akaweka kioo cha dirisha mezani akaliviringisha bomba juu yake. Lilikuwa linaruka, kiasi ambacho jicho lisingekiona mkononi. Bomba limepinda kidogo, kila safari linaisaga oilisili upande mmoja, mafuta yanavuja, shokapu inabaki na springi tupu, chuma kinagonga chuma, bomba linapinda zaidi. Na mle ndani tulikuwa tunajaza nini? Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini za watu. Ni ya bure, ndiyo, na yana mchanga. Mara zote tano tulibadilisha kinachovuja, na hakuna hata siku moja tuliyouliza kwa nini kinavuja.

Sasa hesabu. Kwenye fremu ya guta kuna kibao kidogo, na kwenye langu kimeandikwa mzigo usizidi kilo 500. Dereva wangu anakijua kibao hicho, si mzembe. Alihesabu ndoo 24 mara kilo 20, akapata 480, akaona amebakiwa na nafasi ya kilo 20. Amejifunza hivyo kwenye maji, kama watu wote. Lakini asali si maji. Ndoo ya lita 20 ya asali ni kilo 28 hivi. Mimi naijua namba hiyo usingizini, nainunua asali kwa kilo na kuiuza kwa kilo, na sikuwahi kumwambia dereva. 24 mara 28 ni 672. Ongeza yeye mwenyewe na kijana wa kupakua. Hayo tumekuwa tukiyafanya kila wiki ya msimu wa asali, na mzigo wote umesukumwa mbele, juu ya miguu ile ile niliyokuwa naitukana.

Na mimi angalau nina mizani. Yule anayebeba mpunga wa lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba mpaka linafanana na mtu aliyevaa kofia, analihesabu gunia moja la kilo 100 kwa sababu sheria inasema lisizidi 100. Guta halijui sheria.

Nina mpwa wangu, mtoto wa kaka, yuko Kanada, mkoa wa Quebec, anafanya kazi kwenye karakana ya pikipiki za theluji. Nilipomtumia picha za shingo iliyokatika alinipigia simu usiku huohuo akicheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. "Shangazi, hii ndiyo kesi tunayosikiliza huku kila Februari."

Pikipiki ya theluji, kwa asiyewahi kuiona, na mimi nimeiona kwenye simu tu, nyuma haina tairi. Ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama wa buldoza. Mbele haina tairi pia, ina mbao mbili za kutelezea, na usukani unazigeuza. Hukohuko Quebec, kwenye mji wa Valcourt, ndiko Joseph-Armand Bombardier alikoanza kuuza zile ndogo za mtu mmoja au wawili mwaka 1959, akaziita Ski-Doo. Mpwa wangu anasema za kale zile mbao zilikaa juu ya springi za bamba, jamii moja na hizi za nyuma ya guta langu. Za sasa kila ubao una mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, na shokapu yake. Theluji inafunika kila kitu, kwa hiyo mtu anakwenda kasi juu ya uwanja mweupe, na chini yake kuna kisiki. Mkono unapinda. Mteja anakuja karakana amekasirika: mikono hii ni dhaifu, ni myembamba, angalia, nimegusa kisiki kidogo tu.

Bosi wake ana jibu moja. Mkono unabadilishwa mchana mmoja. Fremu ya mbele, ile inayobeba injini na kushikilia mikono, ikipinda, chombo kinafunguliwa chote, na mara nyingine gharama inapita thamani ya chombo chenyewe. Wapo wanaonunua mikono minene zaidi. Baadhi yao wanarudi, mikono imenyooka, matundu ya boliti kwenye fremu yamechanika. Nikamwambia, basi huko nako mna nondo. Akasema, tunazo, zimepakwa rangi nzuri tu.

Hapo mzee wangu na bosi wa mpwa wangu wanakubaliana, na mimi nimekubali sehemu kubwa. Lakini si yote. Ndugu yangu wa Kigoma ana haki mahali fulani, na nisipolisema hili nitakuwa nimewasaidia wauza spea.

Guta la pili, Mchumia Juani, halijawahi kuguswa na nondo. Baada ya ajali ile, lile bamba la chini ya usukani, linaloshika miguu miwili, lilivunjika likiwa tupu. Tupu kabisa, linarudi nyumbani, pale barabara inapokata reli. Halikupinda kwanza. Lilivunjika kama sahani. Nikaliosha kwa mafuta ya taa, maana sasa nimejua kusoma: hapakuwa na kahawia hata kidogo, lote jeupe, na ndani ya chuma mlikuwa na vitundu kama vya kitumbua. Lilikuwa bamba la kununua, tulilibadilisha miezi michache kabla. Lile la kwanza, lililokuja na guta, nilikuwa nalo stoo. Nikayaweka yote mawili kwenye mizani ya asali, moja baada ya jingine. La kwanza kilo 1 na gramu 900. La dukani kilo 1 na gramu 400. Umbo moja, matundu yanalingana, rangi hata imekolea zaidi lile la dukani, na nusu kilo ya chuma haipo.

Nilirudi nalo dukani. Muuzaji aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, spea hainunuliwi kwa kilo." Sikuwa na risiti yenye jina la kipande, ilikuwa imeandikwa "spea" basi. Sitalitaja duka, kwa sababu nililikuta bamba la aina ileile kwenye maduka mengine pia.

Hapo ndipo udhaifu ulipo. Bomba linalopinda likizidiwa sina ugomvi nalo, limefanya kazi yake na limenipa taarifa. Bamba linalovunjika likiwa halina mzigo halikuwa na kazi ya kufanya kwenye chombo chochote. Ukiviita vyote viwili "dhaifu" fundi atakupa dawa moja kwa magonjwa mawili, na dawa yenyewe ni nondo, kwa sababu nondo anayo tayari. Mpwa wangu anasema huko mtengenezaji akigundua kipande ni kibovu tangu kiwandani anatangaza, wenye vyombo wanakwenda kubadilishiwa bure. Hapa nani atanitangazia, kama bamba lenyewe halina jina la aliyelimimina?

Ninachoomba si kikubwa. Wanaosimamia viwango vya bidhaa wachukue mabamba kumi kutoka madukani, wayavunje, watuambie. Wanaouza maguta waandike kile kibao kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, na chini yake waweke vitu tunavyobeba: saruji mifuko kumi, basi, kila dereva ataelewa. Na mafundi vijana mtu awaonyeshe kioo cha dirisha. Mzee wangu yuko tayari, anasema waje na bomba lao na chai watakunywa kwake.

Kuhusu Kigoma yenyewe, nina swali kwa mwandishi wa ile barua. Anasema alikuwa amebeba mawese, ndoo 24, kama mimi. Mawese ni mepesi kuliko maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 18 na kidogo, kwa hiyo mzigo wake wote haukufika kilo 450. Kibao kama changu kingemruhusu. Lakini nilikuja Kigoma kwa treni kwenye harusi ya Ujiji, na nimeuona ule mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni. Guta likishuka pale na mzigo, dereva akishika breki, uzito unamwagika mbele. Kwetu huku ni tambarare, hatulijui hilo. Je, miguu yake ilipinda mteremkoni au kwenye shimo? Ilipinda, au ilivunjika? Na zile ndoo zilipangwa wapi?

Kama kipande bado anacho asiwape wauza vyuma chakavu. Akioshe kwa mafuta ya taa, akikaushe, akitoe juani, aangalie rangi ngapi zipo, kisha akuandikie wewe Mhariri, nami nitasoma.

Dereva wangu amerudi kazini. Mkono wa kushoto bado hanyanyui kitu kizito, anapakiliwa na vijana wawili ninaowalipa mimi. Anaendesha Mchumia Juani, lenye bamba nililolichukua kwenye Pole Pole, na linabeba ndoo 16 za asali, safari mbili badala ya moja. Juzi nilimuuliza habari za mikono. Akasema, "Haifi ganzi, mama, ila mafuta ya kwenda mara mbili utayaona kwenye hesabu." Nimeyaona. Nimeyaandika.

Mwenye maguta mawili,
Isevya, Tabora